Mtetemo wa Makusudi

Baba yangu alikereza vyuma kwa miaka thelathini na mmoja, na pale karakana hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Nusu Mili. Ukimpelekea kazi yenye kosa la nusu milimita aliirudisha bila neno, akaiweka juu ya benchi lako kama anayerudisha sahani yenye masalia, akaondoka zake. Jina hilo alilipenda. Mama enzi za uhai wake alimtania kwamba hata salamu anazipima kwa kaliper kabla ya kuzitoa, na Baba alicheka, kwa sababu kwa Mama alicheka. Kwetu sisi wengine alikuwa bahili wa kicheko.

Mimi nasuka mota. Mota ya pampu ikiungua, au ya kinu, au ya yale mafeni makubwa ya viwandani, huletwa kwangu. Naifungua, nang'oa shaba iliyoungua, nahesabu mizunguko, nasuka mpya, napaka vanishi, naifunga. Mwaka huu ni wa ishirini na mbili. Chumba changu cha kazi kiko mbele ya nyumba, chake kiko nyuma, na katikati kuna ukumbi tunamolia chakula mimi na yeye tangu Mama afariki. Miaka yote hiyo Baba amemwita fundi kila mtu aliyeshika bisibisi mbele yake. Fundi bomba, fundi viatu, hata yule aliyekuja kufungua kufuli la mlango akalivunja na mlango wenyewe, naye aliagwa "asante fundi". Mimi ni "we mtoto". Nina mvi.

Ufundi wake alimpa kaka yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilimwomba anifundishe na mimi, akasema mashine ya kukerezea inakamata nywele. Nikanyoa. Akasema inakamata na nguo. Hapo nikaelewa kwamba shida ni kuwa mimi binti, nikaenda kujifunza umeme kwa watu wengine. Kaka alikereza miaka miwili, akafunga virago, akaenda nchi za mbali kuuza simu, na hadi leo akipiga Baba husimama wima kupokea.

Kusikia nako kuna habari yake. Sikio la kulia Baba alilipoteza siku jiwe la mashine ya kunolea lilipopasuka na kipande kikampiga upande wa kichwa. Mwenzake mmoja alikuwa ameuona ufa kwenye jiwe lile tangu asubuhi. Walikuwa wamekorofishana juu ya zamu, hawasemeshani, basi akanyamaza. Alikuja baadaye hospitali akalia mpaka wauguzi wakamtoa. Baba hakumsamehe, wala hakulitaja jina lake tena. Katika kuisimulia habari ile, na aliisimulia mara nyingi, alimwita "yule fundi aliyejua", na alilisema hivyo hivyo, taratibu, kama anatema kitu. Alituambia anayeharibu kazi kwa kutojua atamvumilia mpaka kesho, ila huyo hapana.

Sikio la kushoto lilikwenda lenyewe, pole pole, kwa makelele ya karakana. Lakini nyumbani kwetu Baba si kiziwi. Neno hilo halijawahi kutamkwa. Redio ikiwekwa sauti ya kupasua madirisha, tunasema betri zake leo ni mpya. Wageni tunawaketisha upande wa kushoto na tunawakonyeza wapaze sauti. Mama ndiye aliyeanzisha utaratibu huo kwa heshima ya mumewe, akafa akatuachia.

Kilichobaki kumfurahisha ni ndege ndogo ya kuunda na kurusha kwa mchezo. Si zile za kurushwa kwa redio. Hii ni ndege ya kamba: nyaya mbili nyembamba za chuma, urefu wa hatua kama ishirini na tano, zinatoka kwenye bawa mpaka kwenye mpini ulio mkononi mwa mrushaji. Ndege inazunguka duara, na mrushaji katikati anazunguka nayo. Akiinua mpini, waya mmoja unavuta kibao cha mkia na ndege inapanda; akiinamisha, inashuka. Nyaya zikilegea, hata kwa kufumba na kufumbua, mkononi huna kitu na ndege si yako tena. Ya kwake aliiunda mwenyewe kwa mbao nyepesi, akaipaka rangi nyekundu, na injini yake aliikereza katika saa za chakula cha mchana kwa miaka miwili kutoka kwenye vipande vya mhimili wa pampu. Ilikuwa kubwa kiasi cha limau na haikuwahi kumzimikia mkononi.

Kila Jumamosi asubuhi wazee watano au sita walikutana katika uwanja wa shule ya ufundi. Aliyemshikia Baba ndege wakati wa kuiachia alikuwa rafiki yake, mpeleka barua mstaafu tuliyemwita Tarishi, mtu wa maneno mengi na magoti mabovu. Injini ilipokaribia kumaliza mafuta, Baba aliitoa ndege kwenye mikogo yake, akaiweka katika mzunguko wa chini, na ilipozima aliiteremsha kwenye majani kama anayemlaza mtoto. Kisha alisema: "Nimeisikia inaishiwa."

Nilimwamini mpaka siku trekta la kukatia majani lilipopita kando ya duara likinguruma. Hatukuisikia ile injini hata sisi wenye masikio. Baba akashusha ndege kwa wakati uleule, akasema maneno yaleyale. Siku hiyo niliutazama mkono wake badala ya ndege. Injini ilikuwa inatetemesha nyaya, nyaya zinatetemesha mpini, na mafuta yakiisha mtetemo unakuwa mwembamba. Alikuwa anasikia kwa kiganja na hajui. Nilirudi nyumbani na siri hiyo, sikumwambia mtu, maana kumwambia kwamba anasikia kwa mkono ni kumwambia kwamba kwa masikio hasikii.

Halafu upande wa pili wa ukuta wa uwanja ikajengwa wodi ya wazazi. Muuguzi mkuu alikuja mwenyewe, mama mpole, akaeleza kwamba watoto wachanga wanashtuka na mama zao hawalali. Hakuna aliyembishia. Shule ikaamua kwamba kuanzia mwezi unaofuata, ndege ya injini haitarushwa pale. Ya umeme, sawa. Wazee wengine walinung'unika, wakanunua ndege mpya za umeme zilizokwisha kuundwa. Baba alikaa wiki tatu hakwenda uwanjani. Alikuwa anakaa ukumbini na viatu vyake vya Jumamosi miguuni, haendi popote.

Alimpigia kaka simu amtafutie mtu anayejua umeme. Nilikuwa naosha vyombo, na kwa vile Baba huongea na simu kwa kipaza sauti na mtaa mzima unahudhuria, nilisikia yote. Kaka alimwambia, si una fundi humo humo ndani? Baba akajibu, "Huyo anasuka mota za pampu." Kaka, nampa haki yake, alituma mota ndogo, betri na kidude cha kuiongoza, akaandika jina langu juu ya kifurushi. Siku tatu kifurushi kilikaa mezani. Siku ya nne niliamka nikaikuta ndege juu ya meza yangu ya kazi, imetandikiwa gazeti isiguse vanishi yangu. Hakuna karatasi, hakuna neno. Sioni haya kusema kwamba nilifurahi sana.

Nilifanya kazi ile kama sijawahi kufanya nyingine. Injini niliitoa kwa bolti zake nne, nikaifuta, nikaitia kwenye kopo lenye mafuta ili siku moja ikitakiwa irudi. Tangi nalo nikalitoa. Sikukata hata unyuzi wa mbao zake. Nilitengeneza bamba la alumini likashika matundu yaleyale aliyoyatoboa yeye. Betri ilikuwa nzito kuliko tangi, kwa hiyo niliisogeza nyuma kidogo kidogo, kila mara nainua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mpaka ikatulia sawa kwenye alama ya kalamu aliyoichora miaka hiyo. Niliunganisha nyaya za umeme ili mota izunguke kinyume cha injini ya zamani, na propela nikatafuta ya upande huo, kwa sababu kwa namna hiyo inaisukuma ndege nje ya duara na nyaya zinakaza vizuri wakati wa kuondoka. Nikaweka na kisaa: dakika nne, mota inazima. Sekunde ishirini kabla ya kuzima inapunguza kasi mara moja, inarudi, ili mrushaji ajue muda unakwisha.

Hapo ndipo niliposimama. Mota ya umeme iliyofungwa vizuri haitetemeki, na mimi mota zangu ni za namna hiyo. Mteja anaweka kikombe cha chai juu ya mota inayozunguka na chai haichezi, hilo ndilo jina nililonalo mjini. Mkono wa Baba hautasikia kitu. Kasi itapungua, itarudi, watasikia wote uwanjani isipokuwa yeye. Kuhesabu muda hataki, na kutazama mtu anayempungia mkono hawezi, kwa sababu macho lazima yabaki kwenye ndege.

Nikachukua tupa. Nikasugua ncha ya panga moja la propela kidogo sana, mpaka upande mmoja ukawa mwepesi kuliko mwenzake. Nikawasha, nikashika nyaya. Mtetemo ule. Mota ilipopunguza kasi, mtetemo ukabadilika kiganjani mwangu, waziwazi. Kazi yangu yote ya maisha ni kuondoa kitu kile kwenye mashine za watu, na siku hiyo nilikitia mwenyewe kwa mkono wangu, nikaridhika.

Jumamosi Tarishi alipiga goti bovu akaishika ndege, akaiachia. Ilipaa bila kelele, mluzi tu. Baba akaizungusha, akaigeuza chali, akachora duara juu ya kichwa chake, akachora nane. Nilimwona usoni amerudi kuwa mtu. Dakika ya tatu na sekunde arobaini mota ikapunguza kasi, na papo hapo akaitoa juu, akaiweka katika mzunguko wa chini, akangoja. Ilizima. Akaiteremsha majanini.

"Nimeisikia inaishiwa," akasema, na mimi nikageuka nikajifanya nafuta vumbi machoni.

Wazee wakakusanyika. Tarishi akauliza nani kaifanya kazi safi namna ile, ijapokuwa alijua vizuri sana, alitaka tu isemwe. Nilijiweka karibu. Baba akaigeuza ndege, akaizungusha propela kwa kidole, akaiacha itulie. Panga zito likashuka chini. Akazungusha tena, likashuka lilelile.

"Mnaona?" akasema kwa ile sauti yake ya kusikika mpaka wodini. "Mota inavuta, lakini inatetemeka. Mtu anasuka shaba miaka ishirini, kusawazisha kipande cha plastiki kumemshinda. Ndiyo kazi yako, we mtoto."

Walicheka. Tarishi hakucheka. Mimi nilicheka, kwa sababu la kufanya lingine ni kumwambia mbele ya wenzake kwamba ameteremsha ndege kwa mtetemo huo huo, na kwa nini. Nikanyamaza kwa heshima. Kimya hicho cha kwanza sikijutii.

Ijumaa iliyofuata alasiri nilipita mlangoni pa chumba chake, nikamwona ameinama. Alikuwa ametia msumari mwembamba kwenye tundu la propela, ameuegemeza juu ya nyembe mbili zilizosimamishwa, anasugua lile panga zito kwa msasa laini. Anasugua, anapuliza, anaweka, anatazama. Akaniona.

"Njoo uone kazi inavyofanywa," akasema.

Nikaingia. Tulikuwa wawili tu. Hapakuwa na wazee wa yeye kutahayari mbele yao, na upande wake wa kushoto ulikuwa umenielekea. Ningeweza kusema. Ningeweza hata kumwandikia kwenye kipande cha gazeti. Nilisimama nikamtazama akiufuta mtetemo wangu, punje kwa punje, mpaka propela ikakaa popote alipoiacha bila kuegemea upande. Ilikuwa kazi nzuri kupita kiasi. Mikono yake ni ya mzee lakini haikosei.

"Hivyo," akasema. "Umeona?"

"Nimeona, Baba."

Nisijipambe. Nilikuwa na hasira, hasira ya tangu siku ile niliyonyoa nywele. Nilisema moyoni, acha akaone. Nilidhani ndege itamzimikia katika mzunguko wa kawaida, itaruka ruka majanini, itavunja propela, na yeye atakuja kwenye mlango wangu kuuliza. Nilitaka aje kwenye mlango wangu. Usingizi nilipata vizuri tu.

Jumamosi ile hapakuwa na upepo. Ndege ilipaa, na Baba akatabasamu tangu mzunguko wa kwanza. Alipaza sauti, "Inateleza!" na ni kweli ilikuwa inateleza. Nilikuwa na saa yangu mkononi. Dakika ya tatu na sekunde arobaini mota ikapunguza kasi, ikarudi. Tarishi alinigeukia, maana na yeye alisikia. Baba hakubadilisha kitu. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, umeshika nyaya ambazo hazimwambii neno. Akaivuta ndege ikapanda juu ya kichwa chake kuanza nane ya juu, ule mchezo mgumu kuliko yote.

Sekunde ishirini ni nyingi. Ungeweza kukimbia mpaka ukingo wa duara. Ungeweza kumwonyesha mikono, na pengine angekuona kwa pembe ya jicho alipogeuka. Tarishi alijaribu, kwa magoti yale, akipiga kelele ambayo haikuwa na wa kuisikia. Mimi mikono yangu ilikuwa imerudi kwenye mifuko ya aproni yangu ya kazi, na ilibaki humo.

Mota ikazima, ndege ikiwa juu kabisa, chali. Nyaya zikalegea. Baba alifanya kile ambacho wazoefu hufanya, alikimbia kinyumenyume kuzikaza, na kwa umri ule alikimbia hatua nne kabla hajaanguka. Ndege ilishuka pua mbele, mita chache kutoka alipolala. Ilipasuka kama sanduku la mayai.

Goti lilichunika, mfupa ulikuwa mzima. Alikataa kuinuliwa. Alikaa pale pale chini akautazama mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua.

"Sikusikia," akasema. Katika maisha yangu yote sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Kisha akatambaa mpaka kwenye mabaki, akaichukua propela. Panga moja lilikuwa limekatika, limelala kando, akaliokota nalo. Akayaweka mapanga mawili pamoja, akapitisha kidole gumba kwenye ncha moja, ile aliyoisugua yeye kwa msasa, halafu kwenye ya pili, iliyosuguliwa kwa tupa. Alama ya tupa anaijua mkereza hata akiwa gizani. Halafu akainua kichwa, akanitafuta kati ya watu mpaka akaniona nilipo, na mikono yangu ilipo.

Nyumbani nilipika, tukala. Nilimwosha goti, akaniacha nimwoshe. Kesho yake asubuhi alikuja kwenye mlango wa chumba changu cha kazi, kama nilivyotaka aje, akasimama pale na vile vipande viwili mkononi. Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayesikia vizuri.

"Ulilisugua panga hili makusudi, ili nisikie."

"Ndiyo, Baba."

"Na juzi nilipokuwa nasawazisha, ulikuwa unajua nitaanguka nayo."

"Nilijua itakuzimikia."

Aliviweka vipande juu ya meza yangu, bila gazeti chini yake safari hii.

"Kwa hiyo na wewe ni fundi aliyejua," akasema, kisha akarudi chumbani kwake kwa mwendo wa goti linalouma.

Mota niliitoa kwenye mabaki siku hiyo hiyo. Haikudhurika. Naiwasha mara moja moja juu ya meza nikiwa na kikombe changu cha chai juu ya bamba lake, na chai haichezi.